Kusahihisha na Kutia Alama: Kuhusu Malalamiko ya Wanafunzi wa Kiswahili katika Vyuo Vikuu

1. Utangulizi

Kila matokeo ya mitihani yatangazwapo katika vyuo vyetu, wahadhiri hupata wageni. Mwanafunzi hubisha mlango, huamkia, huketi ukingoni mwa kiti, na baada ya kimya kidogo husema kwamba anaona hakutendewa haki. Mhadhiri naye mara nyingi huwa na majibu mawili tu: ama "hizo ndizo alama zako", ama "andika barua kwa mkuu wa idara". Baada ya hapo mlango hufungwa, na kila mmoja hubaki na kinyongo chake.

Makala haya yana shabaha tatu. Kwanza, nitayachunguza maneno tuyatumiayo tuzungumzapo juu ya mitihani, kwani maneno hayo yenyewe yaficha sehemu ya mgogoro. Pili, nitaonyesha kwamba mtahini wa lugha ya Kiswahili ana jaribu lake la pekee, nalo ni la lahaja. Tatu, nitajaribu kupendekeza namna malalamiko yawezavyo kuletwa na kusikilizwa pasi na kuvunjiana heshima. Mojawapo ya mifano nitakayoitoa yanihusu mimi mwenyewe, na ndani yake mimi ndiye niliyekosea. Sioni njia nyingine ya kulizungumza jambo hili kwa ukweli.

2. Maneno tuyatumiayo

Neno "mtihani" lilitufikia kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili halikubaki darasani tu. Mtu aliyefiwa huambiwa kuwa amepata mtihani. Mwenye shida husema kwamba dunia ni mtihani. Maana ya dhiki itiayo mtu katika majaribu ingali hai ndani ya neno hili, na yafaa mtahini akumbuke kwamba mwanafunzi huisikia maana hiyo hata pale yeye mwenyewe asipoikusudia.

Neno "alama" ni ishara. Alama ya njia si njia, na alama ya moto si moto. Vivyo hivyo 43 iliyoandikwa kwa wino mwekundu si ujuzi wa mwanafunzi, bali ni ishara iliyowekwa na mtu mwingine kuuelekeza ujuzi huo. Ishara yaweza kuelekeza vizuri, na yaweza kupotosha.

Neno la tatu ndilo zito zaidi. "Kusahihisha" ni kukifanya kitu kiwe sahihi. Mnyambuliko wake ni wa kusababisha. Kwa hiyo, asahihishaye insha huonyesha palipopotoka na namna ya kupanyoosha. Lakini kazi ifanywayo na wengi wetu mwishoni mwa muhula, tukiwa na rundo la karatasi 200 na tarehe ya kikao cha bodi ya mitihani i karibu, si kusahihisha hata kidogo. Ni kutia alama. Hupiga mstari, huandika tarakimu, hufungua karatasi nyingine. Kisha huiambia bodi kwamba "tumekwisha kusahihisha". Naamini kwamba sehemu kubwa ya malalamiko yazaliwa katika pengo hili: mwanafunzi aliahidiwa kusahihishwa, akapata kutiwa alama.

Yatazame pia maneno ya wanafunzi wenyewe. Aliyefaulu husema, "Nimepata A." Aliyeanguka husema, "Amenipa E." Katika sentensi ya kwanza mtenda ni mwanafunzi, katika ya pili mtenda ni mhadhiri. Tusiwacheke, maana nasi twafanya yayo hayo kwa upande wa pili. Darasa likifaulu twasema, "Niliwafundisha vizuri", likianguka twasema, "Hawakusoma." Katika sarufi hiyo hakuna mahali pa sentensi ya tatu, iliyo ya kweli zaidi: kwamba alama hutokea baina ya watu wawili, mmoja aliyeandika na mmoja aliyesoma, na kila mmoja wao aweza kuteleza.

3. Je, mtahini ni mizani?

Shaka juu ya uthabiti wa watahini si jambo jipya. Mwaka 1888 mtakwimu F. Y. Edgeworth wa Uingereza alichapisha uchunguzi wake juu ya takwimu za mitihani, akaichukulia alama kama kipimo chochote kingine, chenye kosa lake la kupimia. Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward C. Elliott wa Marekani walizipeleka karatasi zile zile za Kiingereza kwa walimu wengi wa shule za sekondari, na alama zilizorudi kwa karatasi moja zikatofautiana kwa zaidi ya 30 katika 100. Wenye kusema kwamba hiyo ni hila ya masomo ya fasihi na lugha walijibiwa mwaka uliofuata: karatasi ya jometri ilipopelekwa vivyo hivyo, tofauti haikupungua.

Mfano unaotisha zaidi ni ule wa Philip Hartog na E. C. Rhodes, uliochapishwa mwaka 1935. Watahini 14 walipewa karatasi 15 za historia wazitie alama na kutoa uamuzi juu ya kila moja. Baada ya mwaka mmoja na zaidi walipewa karatasi zile zile tena. Katika maamuzi 210, maamuzi 92 yalibadilika. Hapa hatulinganishi mtu na mwenziwe. Twamlinganisha mtu na nafsi yake.

Matokeo haya hayasemi kwamba watahini ni wadhalimu. Hao walikuwa watu wazoefu na wenye nia njema. Yasemayo ni kwamba nia njema haitoshi. Mtahini hatofautiani sana na mizani ya sokoni: hata iwapo mwenye duka ni mwaminifu, haina budi kukaguliwa mara kwa mara.

4. Jaribu la mtahini wa Kiswahili

Yaliyotajwa hapo juu ni ya watahini wote. Sisi wa Kiswahili tuna letu la ziada.

Ijulikanavyo, katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa ili kuusimamia usanifishaji huo. Kabla ya hapo Kimvita kilikuwa na watetezi wake. Kamusi kubwa ya J. L. Krapf, iliyotolewa mwaka 1882, iliegemea lahaja hiyo. Sina nia ya kuufufua ubishi huo. Usanifishaji ulitupa tahajia moja, vitabu vya shule na mitihani isomekayo toka Lamu hadi Kigoma, na hizo ni faida zisizokanika.

Lakini tazama tufanyavyo katika idara zetu. Asubuhi twamfundisha Muyaka wa Haji, twaisifu lugha yake, twawataka wanafunzi waonje utamu wa Kimvita. Twamsoma Abdilatif Abdalla katika Sauti ya Dhiki (1973), diwani iliyotungwa gerezani. Alasiri twaketi na kalamu nyekundu, na mwanafunzi wa Mvita aandikapo "mato" twapiga mstari, tukaandika pembeni: "tahajia".

Kiisimu, uamuzi huo una kasoro. Mwanafunzi aandikaye mato, kitwa, matozi na kuteka mahali pa macho, kichwa, machozi na kucheka hakufanya makosa manne. Amefuata kanuni moja ya sauti, nayo ni thabiti: penye ch ya Kiswahili Sanifu, katika maneno kama hayo Kimvita kina t. Aandikaye ndia na ndaa mahali pa njia na njaa amefuata kanuni nyingine: nj kwa nd. Huyo ametumia mfumo kamili katika mahali palipotakiwa mfumo mwingine. Aandikaye "mahari" akikusudia "mahali", hali lugha yake ya kwanza haitenganishi r na l, naye pia ana kanuni yake. Na yule aandikaye "mandhumuni" kwa "madhumuni" amekosea tu. Hawa watatu hawastahili neno moja la pembeni, seuze adhabu moja.

5. Kisa chenyewe

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mgeni katika kazi hii, nilitia alama insha ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu iliyohusu taswira ya njia katika ushairi wa Mombasa. Mwandishi alikuwa mzaliwa wa mji huo huo. Nilikuta maneno ya Kimvita mara 24 nje ya dondoo, na kila mara nikaondoa nusu alama. Neno "ndia" peke yake lilitokea mara tisa, maana ndilo lililokuwa mada. Mwishoni nikaandika 43, ambayo kwa kipimo chetu ni D.

Alikuja ofisini siku ya tatu baada ya matokeo. Aliniamkia, nikaitika, akakaa.

"Mwalimu," alisema, "sikuja kuomba alama. Nimekuja kulijua kosa langu nisilirudie."

Nikamwonyesha ile mistari. Akaitazama kwa utulivu, kisha akafungua daftari yake.

"Neno hili ulilolipigia mstari limo katika shairi ulilotusomesha muhula huu. Je, mwalimu, mshairi naye alikosea?"

Nikamjibu kwamba mshairi ana uhuru wake. Akashukuru, akaaga. Alipokwisha kutoka niligundua kwamba jibu langu lilikuwa la uongo, ingawa sikulikusudia hivyo. Uhuru wa mshairi ni kukiuka mazoea ya lugha kwa ajili ya vina na mizani. Mshairi yule hakukiuka kitu. Aliandika lugha ya nyumbani kwake. Mwanafunzi wangu naye alifanya vivyo hivyo, tena juu ya mashairi yale yale. Zaidi ya hayo, nilipolitazama upya karatasi la maswali, sikuona popote palipomtaka mtahiniwa aandike Kiswahili Sanifu. Tulilichukulia kuwa jambo la kujulikana.

Nilimpelekea mwenzangu nakala isiyo na jina wala alama. Akaipa 57. Mimi nikarudia hesabu yangu: 43 pamoja na zile 12 nilizoziondoa ni 55. Tukakubaliana 56, na idara ikaipeleka mbele kwa utaratibu wa kurekebisha matokeo. Mwenzangu hakumsamehe kila kitu. Alionyesha kwamba sehemu ya pili ya swali ilijibiwa nusu, na aya mbili za mwisho zilirudia yaliyokwisha kusemwa. Hayo mimi sikuyaandika popote, maana kalamu yangu ilishughulika na "ndia".

Jambo lililoniuma zaidi nililiona baadaye. Nilizifungua tena karatasi nyingine za darasa lile. Katika insha ya mwanafunzi wa bara nilikuta "mtu mwenye alikuja" na "nyumba yenye iliungua", mahali pa "mtu aliyekuja" na "nyumba iliyoungua". Nilikuwa nimezipita sentensi hizo bila hata kusita. Mimi mwenyewe nimekulia bara, na muundo huo nimeusikia tangu utotoni. Sikio langu haliushtukii. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeiadhibu lahaja ya wengine na kuisamehe ya kwangu, huku nikiamini kwamba naulinda usanifu. Nyani haoni kundule. Mwanafunzi yule mmoja alibisha mlango. Wale wa miaka iliyotangulia, ambao huenda walipata yayo hayo mikononi mwangu na wasibishe, wamekwisha kuhitimu, na karatasi zao sikuweza kuzirudia.

6. Malalamiko yasiyo na msingi

Ingekuwa si haki kuuacha mfano huo usimame peke yake, kwani malalamiko mengine hayana mizizi. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya pili, profesa mmoja aliipa insha yangu ya isimu alama ya chini kuliko nilivyotarajia. Niliamini kwamba hakupenda hoja yangu, au kwamba hakumpenda mleta hoja. Nikamwandikia barua ya kurasa tatu. Aliniita, akaniomba nimsomee kwa sauti aya ya pili ya insha yangu, kisha nimwonyeshe dai lenyewe liko wapi. Nilitafuta. Halikuwapo. Nilikuwa nalo kichwani kwa muda mrefu hata nikadhani nimeliandika.

Alama haikubadilika, wala haikustahili kubadilika. Hata hivyo nilitoka mle nikiwa nimefundishwa. Profesa yule alikuwa amesahihisha, kwa maana ile kamili ya neno.

Zipo pia dhuluma zisizohusiana na uthabiti wa kipimo wala na lahaja: alama zitolewazo kwa upendeleo wa kabila, kwa fedha, au kwa madai ya aibu juu ya mwili wa mwanafunzi. Hizo hazitatuliwi kwa mazungumzo ya ofisini, wala mwanafunzi asishauriwe kwenda peke yake kwa mhusika. Dai la namna hiyo ya mwisho laweza kuwa kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, na mahali pake ni kwa wakuu wa chuo na polisi. Nazitaja ili zisichanganywe na mada yetu.

7. Namna ya kulalamika na namna ya kusikiliza

Wahadhiri ndio washauri wa wanafunzi katika jambo hili pia, kwa hiyo yatupasa tujue la kuwaambia. Mwanafunzi aonaye kwamba alama yake si ya haki afanye haya. Alisome swali upya kabla ya kulisoma jibu lake. Angoje siku moja au mbili, hasira ipoe. Aje na mahali maalumu: ukurasa huu, aya hii, mstari huu. Asilinganishe alama yake na ya rafikiye, kwani hapo atakuwa amefungua kesi ya mtu asiyekuwapo. Asiseme juu ya ada, ugonjwa wa mzazi au nafasi ya kazi; hayo yaweza kuwa ya kweli na ya kuhurumiwa, lakini hayamo katika karatasi. Na aulize kabla ya kushtaki. "Nimekosea wapi?" ni swali lifunguallo mlango, "Kwa nini umenionea?" hulifunga, hata kama ni la haki. Asiporidhika, aandike kwa mkuu wa idara ndani ya muda uliowekwa, aombe karatasi isomwe na mtu mwingine, naye ajue kwamba alama yaweza kupanda au kushuka.

Kwa upande wetu, kusikiliza kuna masharti yake. Adabu ya Kiswahili humzuia mdogo kumwambia mkubwa wake "umekosea". Husema "labda sikuelewa", au "nilikuwa naomba kuuliza". Mhadhiri asiidhanie lugha hiyo kuwa ya kukiri kosa. Mara nyingi ndiyo namna pekee ya heshima aliyonayo mtu ya kukataa. Mwanafunzi wangu hakuniambia kwamba nimekosea. Aliuliza kama mshairi amekosea.

Aidha, si hiari yetu tu. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 champa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu ulio wa haki katika maamuzi ya kiutawala, na kupewa sababu kwa maandishi iwapo uamuzi wamdhuru. Sheria ya kukitekeleza ilipitishwa mwaka 2015. Mahakama kwa jumla husita kuuingilia uamuzi wa kitaaluma wenyewe, na ni vema iwe hivyo. Lakini kadiri tunavyotaka tuachiwe uamuzi huo, ndivyo tulivyo na wajibu wa kuweza kuueleza.

8. Mapendekezo

Kutokana na hayo yote, ningependa kuziwekea idara zetu mapendekezo machache:

(a) Karatasi la maswali liseme waziwazi lugha itakiwayo ni ipi, na ni alama ngapi zitolewazo kwa yaliyomo, kwa mpangilio na kwa lugha.

(b) Kosa moja lirudiwalo lihesabiwe mara moja. Anayefuata kanuni moja mara tisa hakukosa mara tisa.

(c) Umbo la lahaja lisahihishwe kwa kuonyesha umbo la sanifu, na litofautishwe na kosa la tahajia.

(d) Majina yafichwe. Katika nchi yetu jina latosha kutaja kabila, dini na mara nyingi wilaya. Nambari haitaji kitu.

(e) Mtahini asome swali moja katika karatasi zote kabla ya kuliendea la pili, ili jibu zuri la kwanza lisilibebe jibu baya la pili.

(f) Karatasi chache zisomwe na wahadhiri wawili wenye asili ya lahaja tofauti, bila mmoja kuiona alama ya mwenziwe. Mtahini wa nje hufika mwishoni, kazi ikiwa imekwisha, hatoshi.

(g) Kila karatasi iandikwe japo sentensi mbili za maelezo.

Najua jibu litakalotolewa. Madarasa ni makubwa, na wahadhiri ni wachache. Hilo ni kweli, na sentensi mbili kwa karatasi 200 ni sentensi 400. Lakini saa tuzitumiazo kusikiliza malalamiko, kujibu barua na kuketi katika vikao vya rufani nazo ni saa. Litatolewa pia jibu zito zaidi, kwamba wanafunzi wetu watakuwa walimu, nao watatakiwa kufundisha Kiswahili Sanifu. Tukiwalegezea, usanifu utaporomoka. Nakubali kwamba mwalimu lazima aujue usanifu. Sikubali kwamba huufundisha kwa kuondoa nusu alama kimyakimya. Aliyeelezwa kwamba ch ya sanifu ni t ya kwao ataukumbuka usanifu maisha yake yote, na hataionea haya lugha ya mamaye. Aliyekatwa alama 12 bila maelezo hujifunza tu kwamba chuo hakipendi wazungumzavyo kwao.

9. Hitimisho

Malalamiko ya mwanafunzi ni data. Sisi tulio wanaisimu hutembea hadi vijijini na vinasa sauti kutafuta ushahidi wa namna lugha inavyotumika. Basi tusiufukuze ushahidi uliokuja wenyewe hadi mlangoni. Mengine tutayapima na kuyakuta hayana uzito, kama barua yangu ya kurasa tatu. Mengine yatatuonyesha mahali ambapo sikio letu ni zito. Hatuwezi kujua ni yapi mpaka tuifungue tena karatasi na kuisoma, safari hii kwa nia ya kusahihisha.